Taji Nililolinyoa Jikoni

Mwalimu akibisha mlango wangu, nilijua kuna mzee wa Kizungu amefariki. Nilivuta kiti cha jikoni hadi katikati ya sakafu, nikatandaza chini yake gazeti la bure linalogawiwa kwenye metro, nikachomeka mashine ya kunyolea. Yeye alivua koti, akalikunja taratibu kama anayekunja bendera, akaketi na kuinamisha kichwa. Nilimuuliza swali moja tu, alikuwa nani safari hii, naye akataja jina la Kiflamandi refu kuliko pumzi yake, akakwama katikati, akaanza upya. Alitaka alimalize lote kabla mashine haijamgusa.

Msimdhanie uchawi. Alikuwa mfanyakazi wa nyumba ya wazee, yule anayeosha, anayelisha, anayegeuza mgonjwa kitandani, na mimi nilikuwa kinyozi wake. Kwa nini kifo cha bibi wa Kibelgiji kiishie kwenye kichwa cha mwalimu wa Maandiko kutoka Uvira, hiyo ndiyo habari yenyewe, na inataka uvumilivu kidogo.

Na mimi ni nani? Si mengi. Nilimaliza sekondari Bukavu, nikapata diploma ya serikali ambayo imekaa kwenye bahasha tangu siku hiyo, imepumzika kuliko mimi. Brussels nimeishi miaka mingi, lakini ungenifunga kitambaa machoni ukaniacha mtaa wa Saint-Josse, ningeketi chini nikangoja polisi. Nakaa Koekelberg, ghorofa ya chini, na ukiinama kidogo dirishani unaona basilika, lile kanisa kubwa la mtaa. Huo ndio utalii wangu. Mume wangu hutoka kwa niaba yetu wawili. Mimi nasuka, nanyoa, napika. Watu wanakuja kwangu na nywele na habari, wanaacha vyote viwili sakafuni.

Mwalimu nilimjua kabla hajawa mteja. Tulikuwa tukisali ukumbi mmoja Saint-Josse, nyuma ya duka la masanduku, wakati ule nilipokuwa bado nina nguvu ya kubadilisha metro. Jumapili kabla ya ibada alifundisha watu wazima, na somo lake alilolipenda kuliko yote lilikuwa maneno ya Kiebrania. Alikuwa ameyaokota kwa mmisionari mmoja mzee na kwenye kitabu kisicho na jalada alichonunua sokoni. Nilimtania kwamba anajua taji kwa Kiebrania lakini hajui bisibisi kwa Kifaransa, na ilikuwa kweli: kitanda chake kililegea mwaka mzima kwa sababu aliona aibu kuingia dukani na kuonyesha kwa vidole.

Somo la taji nililisikia mara nyingi hata ningeweza kulifundisha mwenyewe, vibaya. Alisimama, akapitisha kidole kuzunguka kichwa chake, akasema:

"Sikieni, bababa na bamama. Taji haiko moja. Kuko keter. Hii ni ya mufalme. Inazunguka kichwa, na ile neno ni ya kuzunguka, sawa vile maadui wanazunguka muji. Kuko atara. Hii ni ya furaha: ya arusi, ya karamu, na mvi ya muzee ni atara yake. Wanakuvalisha, kesho wanakuvua. Alors, kuko nezer. Nezer ya mutu ya kawaida hawamuvalishe. Inaota."

Hapo alitutazama mmoja mmoja ili tulimeze. Kisha alieleza kwamba nezer ni neno la kujitenga, la mtu anayejiweka kando kwa ajili ya Mungu. Kuhani mkuu alikuwa na yake ya dhahabu, kibamba kwenye paji la uso. Lakini mtu asiye na kitu, mkulima au mjane aliyeweka nadhiri, hakuhitaji sonara. Aliacha tu nywele zake ziote, na Maandiko yakaziita kwa neno lilelile la kuhani. Mwalimu alipofika hapo sauti yake ilipanda kidogo. Alikuwa mtu aliyetoka kwao na shati moja, na nadhani alifurahi kujua kwamba kuna taji ambalo askari wa mpakani hawezi kulipekua.

Basi Jumapili moja, badala ya kufundisha, akaweka nadhiri mbele yetu. Mke wake alikuwa bado Uvira. Ofisi ya wageni ilikuwa imekataa asije, mara ya kwanza. Mwalimu akasema atakaa mwaka mmoja mtimilifu kama Mnadhiri: hatakata nywele, hatagusa kitu cha mzabibu, hatakaribia maiti. Mwaka ukitimia atazileta zile nywele mbele za Mungu na kuomba kitu kimoja, mke wake. Watu walipiga makofi. Mchungaji alipiga pia, polepole, kama mtu anayeona gharama ikija.

Kitu cha mzabibu kilianza kutuchekesha mara moja. Tulidhani ni divai tu. Kumbe sheria inakataza zabibu mbichi, zabibu kavu na hata siki yake. Brussels hii, ambako kiazi cha kukaanga hakiendi mdomoni bila mayonezi, Mwalimu alisimama dirishani pa muuza viazi akiuliza kama siki ya ndani ya mayonezi ni ya divai au ya pombe nyingine. Muuzaji alimuuliza kama anatoka wizara ya afya. Mwisho akala viazi kwa chumvi, peke yake kwenye foleni nzima, na wale Wabelgiji walimtazama kwa huruma ambayo hawajawahi kutuonyesha kwa sababu nyingine yoyote. Mkate wa zabibu ulipopita kwenye ubatizo wa mtoto fulani, yeye alichomoa zabibu moja moja kwa uma, kisha akakumbuka kwamba mkate wenyewe umeguswa, akaniachia. Nilikula. Nadhiri ya jirani ina faida zake.

Lakini meza ya Bwana ilileta ugomvi. Ukumbini tulitumia juisi ya zabibu, na Mwalimu akaipitisha bila kunywa. Mchungaji alimwita kando, ingawa kando katika ukumbi ule ilikuwa hatua chache tu na sote tulisikia.

"Papa Mwalimu, tuko chini ya neema. Ile sheria ilikwisha, donc kunywa tu."

"Pasteur, sheria ilikwisha, nakubali. Lakini mudomo yangu ingali hapa. Ni yeye iliahidi."

Alikuwa na maneno ya namna hiyo. Hakuwa mtu mgumu, msimwone hivyo. Alipocheza dama na mume wangu aliiba kete waziwazi, akizisogeza kwa kiwiko, na ukimkamata alishangaa kuliko wewe. Alihubiri kwamba kioo ni mtego wa shetani, kisha kila nilipomaliza kumnyoa aliniomba kioo na kukaa nacho. Alimwambia kila mgeni aliyelalamika kuhusu nchi hii, "Mungu haiko na haraka, ni ofisi njo iko na haraka ya kukataa." Na alicheka mwenyewe, meno yote nje, ingawa yeye ndiye aliyekataliwa.

Sasa kuhusu kazi. Ofisi ilisema mke hawezi kuja kama mume hana kazi ya kudumu. Alijaribu kusafisha maofisi, akapewa mikataba ya wiki wiki. Alijaribu ghala la vifurushi, mgongo ukakataa. Mahali pekee palipompa mkataba usio na mwisho palikuwa nyumba ya wazee upande wa pili wa mji. Akatia sahihi kwa furaha, akaja kututangazia, tukamshangilia, na hakuna hata mmoja wetu, pamoja na yeye mwenyewe, aliyefikiria kwamba katika nyumba ya wazee watu hufa.

Sheria ya Mnadhiri ina kifungu cha ajabu. Inasema mtu akifa ghafla kando yake, taji lake limetiwa unajisi, hata kama hakukusudia. Siku ya saba atanyoa kichwa chote. Na siku zote zilizotangulia zimepotea. Hazihesabiwi. Anaanza tena mwanzo.

Bibi wa kwanza alimfia mikononi akimlisha supu. Mwalimu alingoja siku zake, kisha akabisha kwangu. Nywele zilikuwa ndio kwanza zimefunika ngozi. Hakuniruhusu kuzitupa kwenye pipa. Alizikusanya kwenye mfuko wa mkate, akaenda kuzizika bustanini chini ya basilika. Kesho yake mbwa wa mtu alizifukua, na mume wangu aliporudi kutoka kazini alisimulia jinsi alivyomkuta Mwalimu amepiga magoti kwenye majani akibishana na yule mwenye mbwa. Sheria ilidai pia njiwa wawili. Kuchinja njiwa Brussels hakuthubutu, basi aliwalisha. Alisimama uwanjani Saint-Josse akirusha makombo, na mlinzi wa wilaya akaja kumwambia kwamba hapa njiwa hawalishwi. Akamuuliza mlinzi kama wanaruhusiwa kuchinjwa.

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu mtu wa nyumbani hapati vichekesho vingi. Kisha mzee wa pili akafa, na wa tatu. Majira ya baridi wanaondoka kama majani. Nikaanza kuona kwamba yule mtu amekaa ndani ya mtego uliofungwa pande zote. Ili ofisi imruhusu mke, lazima awe na kazi hii. Ili Mungu amlete mke, kwa jinsi alivyomwahidi, lazima taji litimize mwaka. Kazi ililiua taji, na bila kazi hapakuwa na mke wa kuombewa. Nilimwambia amwendee Mungu mikono mitupu kama sisi wengine. Akasema mikono mitupu anayo kila siku, hiyo haimshtui Mungu.

Mke wake nilimjua kwa sauti. Wakati ule tulikuwa tunapiga kwa kadi, baadaye zikaja simu zenye picha, lakini mtandao wa Uvira ulimfanya aonekane kama vipande vya kigae, basi nikabaki na sauti. Alikuwa na kibanda cha vitenge sokoni na alizungumza huku akipimia wateja. Nilipokuwa namnyoa mumewe tuliweka simu mezani, karibu na chumvi.

"Dada, nyuma ya sikio ya kuume kuko kovu. Pita polepole."

"Nimeiona, maman."

"Ni mimi nilimutupia kifuniko ya sufuria. Yeye atakuambia ni vita."

"Ilikuwa vita," alisema Mwalimu, kichwa kimeinama.

Basi walicheka pamoja, mmoja kwangu Koekelberg, mwingine kule kando ya ziwa, na mimi nilizima mashine niwaachie nafasi. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yao ya ndoa kwa miaka: mke akisikiliza mume akinyolewa na mwanamke mwingine. Kila mara alisema yeye hakuolewa na nywele, aziachie. Kila mara mume alisema karibu, karibu. Ofisi ilikataa mara ya pili. Mama Uvira, ndivyo tulivyomwita, akaniuliza faraghani, Mwalimu alipokwenda kunawa, kama mumewe anakula. Nikasema anakula. Akauliza kama analia. Nikasema sijamwona. Akasema, "Anaficha. Mwachie tu ajifiche," na akarudi kwa wateja wake.

Palikuwa na wakati mmoja tulioamini. Msimamizi wake kazini, mama mmoja mwenye moyo, alisikia habari za nadhiri na badala ya kucheka alimshusha chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo. Huko hakuna anayekufa isipokuwa mashuka. Alishuka baada ya Pasaka. Wakati wa joto nywele zilikuwa zimesimama kidole kizima. Vuli ilipofika zilikuwa msitu mdogo mweusi wenye mvi pembeni, na tuliokuwa tukimtania tukaanza kunyamaza. Watoto wa ukumbini waliomba kuzigusa. Mchungaji mwenyewe, aliyekuwa chini ya neema, alimuuliza bado siku ngapi. Mume wangu alikuja kuniambia kwamba hata Mlingala mmoja wa duka la simu, ambaye hakuamini chochote, anahesabu. Na ofisi, safari hii, ilikuwa bado haijajibu. Niliziona nywele zile zikiota na nikaanza, Mungu anisamehe, kufikiria nitapika nini siku mama yule atakapotua uwanja wa ndege wa Zaventem.

Ilikuwa karibu na Noeli alipobisha.

Nilimfungulia, nikaona koti likivuliwa, na sikuvuta kiti. Nilisimama mbele yake na mwiko mkononi.

Alinieleza akiwa wima. Katika chumba cha mwisho cha ghorofa ya juu alikuwapo bibi mmoja aliyemtesa Mwalimu tangu siku ya kwanza. Alikataa mikono yake. Alimtaka avae glavu mbili, moja juu ya nyingine, na hata hivyo alifumba macho alipomwosha. Mwalimu aliposhushwa chini, bibi yule alianza kuuliza yuko wapi. Siku ile alikuwa anakata roho. Binti yake alikuwa safarini kutoka Uhispania na ilionekana hatawahi. Mfanyakazi mwenzake akashuka ngazi hadi kwenye mashine za kufulia, akamwambia, anakuita wewe.

"Kulikuwa wauguzi kule juu?" nilimuuliza.

"Walikuwako."

"Sasa nani alikutuma?"

"Aliomba mikono yangu, maman. Si ya mutu mwingine."

"Ile mikono alikuwa anakataa."

"Njo hiyo. Ile ile."

Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika yote. Nilimwambia angekaa chini na mashuka yake, ilibaki kidogo mno, na kwamba huyo bibi hakuwa wake, wake yuko Uvira anapima vitenge. Nilisema mambo ya mtu asiyetoka nyumbani, anayedhani dunia ni wale watu anaowapikia. Mwalimu alinisikiliza hadi nikaishiwa. Ndipo akasema, taratibu, kama Jumapili:

"Kama ningekaa chini nasikia anakufa, juu ya kuchunga nywele, ile haiko nezer tena. Ni keter. Ingenizunguka sawa maaskari, na miye niko ndani."

Simu yake ilikuwa tayari mezani, alipoiweka akivua koti. Sikujua kwamba alikuwa ameipiga kabla ya kuingia; Mama Uvira alikuwa amesikia yote. Kulikuwa na kelele za soko nyuma yake, mtu akiita bei, pikipiki. Yeye mwenyewe akasema:

"Munyoe, dada."

Hakutaja kovu. Nilinyoa. Nywele zilikuwa nyingi hata mashine ikasongwa, nikamalizia kwa mkasi, na gazeti halikutosha. Hakuomba kioo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama yanavyokwenda. Kufulia kulipewa kampuni ya nje, Mwalimu akarudishwa ghorofani kwa wazee wake. Ofisi ikajibu, hapana, kwa sababu mpya ambayo hata mwanasheria wa bure hakuweza kutueleza vizuri. Ilionekana sheria ilikuwa imebadilika tukiwa tunasubiri. Nilimnyoa tena, na tena. Alikuwa anazeeka chini ya mashine yangu. Nywele zilizoanguka kwenye gazeti zilianza nyeusi, zikawa na mchanganyiko, zikawa kama majivu. Aliacha kufundisha somo la taji. Alifundisha mengine, ya manabii wadogo, watu wakalala. Sauti kule Uvira ilianza kuchoka pia. Shinikizo la damu, alisema, dawa zinakuja na kupotea. Siku moja nilimsikia akimwambia mumewe kwamba amegawa nusu ya kitanda kwa mtoto wa dada yake, kwa sababu nusu ile ilikuwa baridi. Aliisema kama mzaha. Hatukucheka vizuri.

Kisha akaacha kubisha. Ukumbi ulihamia mtaa wa mbali, na kwangu mbali huanza baada ya vituo vichache vya metro, kwa hiyo sikuwafuata. Mume wangu alileta habari nusu nusu: Mwalimu ameacha kazi, mgongo umekwisha, amehama Saint-Josse, anapanga chumba kwa mtu upande wa Ixelles. Miezi ikapita bila kiti kuvutwa. Nilimwambia mume wangu kwamba labda wazee wa Brussels wamejifunza kuishi.

Jumapili moja, zaidi ya mwaka baadaye, mume wangu alinitoa nyumbani kwa nguvu. Alisema ni aibu mtu kuzeeka Brussels bila kuona soko la Flagey, kule Ixelles, na mabwawa yake. Nilikwenda nikilalamika tramu nzima. Tulipofika aliniacha kwenye benchi kando ya bwawa, akaenda kupanga foleni ya viazi, na mimi nikaendelea kulalamika peke yangu, kwa Kiswahili, kuhusu baridi, kuhusu bata, kuhusu wanaume.

"Maman, umefika mbali," akasema mtu wa upande wa pili wa benchi.

Nilimtazama na sikumjua. Kichwa chake kilikuwa kikubwa, cheupe, kimefura kama pamba iliyochambuliwa, na jani kavu limenasa kwa juu. Uso chini yake ulikuwa mdogo. Ni meno niliyoyatambua, alipotabasamu.

Nikafurahi kama mjinga. Nikasema, taji limeota, sasa mama anakuja lini?

Alinisimulia akitazama maji. Mama Uvira alianguka kibandani, kati ya wateja. Walimpakia pikipiki, mtu mmoja mbele na mmoja nyuma kumshikilia, na hakufika hospitalini. Mwalimu, kwa makaratasi yake ya ukimbizi, haruhusiwi kukanyaga nchi aliyoikimbia. Walimwonyesha mazishi kwa simu. Picha ilikatika udongo ulipoanza kuingia, ikarudi watu walipokuwa wanakung'uta mikono.

"Ningekuja na chakula," nilisema. "Ungebisha tu."

"Nilitaka kuja. Si kwa chakula. Nilitaka uninyoe."

"Basi kwa nini hukuja?"

"Nilikaa na Maandiko mezani juma nzima, maman. Sheria inasema mutu akifa kando yake. Kando. Nikaangalia mu Kiebrania, nikaangalia mu Kifaransa, nikaangalia mu Kiswahili. Natafuta mahali inasema, ao mbali. Haisemi."

Akatoa mkono mfukoni, akaupitisha kwenye ile pamba, akaurudisha.

"Wale wazee bote, nilinyoa kichwa juu yao. Ule bibi wa glavu, nilinyoa juu yake. Muke yangu, hapana. Hakufia kando yangu. Mbele ya sheria, mimi sikufiwa na mutu."

Bata walipita. Baadaye nikauliza kuhusu mwaka wa nadhiri.

"Ulitimia. Mara ya kwanza. Hakuna aliyekufa karibu, nilikuwa peke yangu mu chumba. Taji iko nzima."

"Na ukaomba nini?"

"Bado ninatafuta."

Nikamwambia aje nyumbani. Nikamwambia nitamnyoa mimi, bila sheria, kwa ajili ya mama yule, kiti kipo, mashine ipo. Alinishukuru vizuri sana, kama mtu anayekataa sahani akiwa ugenini. Alisema nikimnyoa bila sheria itakuwa kunyoa tu, kama kila mtu anavyonyoa Jumamosi, na mke wake anastahili zaidi ya Jumamosi. Kisha akaniuliza habari za mume wangu, kama bado anashindwa dama.

Mvua ikaanza, ile ya Brussels isiyo na nguvu ya kunyesha wala adabu ya kuacha. Mume wangu alikuja mbio na viazi chini ya koti, akamsalimu bila kumtambua, akanivuta mkono kuelekea kituo cha tramu. Niligeuka. Mwalimu alikuwa anavuta kofia ya jaketi lake juu ya kichwa. Haikufika, nywele zilikuwa nyingi mno. Akajaribu kwa mikono miwili, kisha akaiacha ianguke mgongoni, akabaki amekaa vile vile.